Kupima Mlima kwa Sufuria Tukienda Posa Butiama

Stendi ya Bunda

Saa kumi na moja na dakika kumi na nne alfajiri, siku ya Ijumaa, kondakta wa basi la Musoma alipanda juu ya kiti cha mbele, akapiga makofi mara mbili, akatangaza kwamba dizeli tuliyoahidiwa tangu Jumatano imekwenda kwenye malori ya pamba. Basi haliondoki leo, na kesho haijulikani. Hakuna aliyepiga kelele. Watu walishuka mmoja mmoja na vikapu vyao, kama wanaotoka kanisani.

Ninyi mnaokuja kukaa dukani kwangu mmeniuliza kilichotupata, na kila mmoja nimemsimulia kipande tofauti kwa sababu mkononi nilikuwa na saa ya mtu. Sasa naandika yote kwa mpangilio, ili nisirudie tena, na ili habari za Magesa zisiwe ndizo pekee zinazozunguka mjini.

Magesa mnamjua kwa sura: yule mvuvi mrefu wa Majita anayeniletea sato mkavu kila mwezi. Tulianza urafiki miaka kumi na miwili iliyopita, aliponiletea saa iliyolala ziwani siku tatu, nikaifufua. Mwanawe Masatu anataka kumwoa Sabina, binti wa Mzee Muhere wa Butiama. Magesa aliniomba niwe mshenga. Alisema amenichagua kwa kuwa siongei haraka.

Siku tuliyopewa ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Mzee Muhere alikuwa amesema wazi: Jumamosi ni yenu, Jumapili ni ya mtu mwingine. Huyo mtu mwingine ana mashine ya kusaga. Ikipita siku yenu hamjasema neno, imepita. Na kwa desturi ya nyumba ile, baba wa kijana haposi kwa kinywa chake. Akifika ukweni anaitikia salamu, anakaa, basi. Sifa za kijana, idadi ya ng'ombe, kuomba kupunguziwa, kukubali, yote ni ya mshenga. Kwa hiyo Magesa alikuwa na miguu ya kumfikisha, ila mdomo wake ulikuwa mimi.

Bunda tulikuwa tumefuata mablanketi mawili, moja la mama wa binti na moja la bibi yake. Musoma hayakuwepo. Mnajua maduka yetu yalivyo sasa: rafu zina viberiti na dawa ya viatu. Bunda tuliyapata kwa mlango wa nyuma, bila risiti, na bei yake sitaiandika.

Alhamisi jioni, tukila kwa mama ntilie karibu na stendi, nilimwomba anichemshie maji matupu, nikachovya kipimajoto changu. Ni kile kirefu cha maabara nilicholipwa kwa kutengeneza saa ya ukutani. Nilikuwa nimesoma kwamba maji hayachemki kwa joto lilelile kila mahali. Kadiri unavyopanda juu ndivyo yanavyochemka mapema, na kila mita kama mia tatu hupunguza digrii moja. Ufukweni Musoma nilikuwa nimepata tisini na sita. Bunda nilipata pungufu kidogo tu, kiasi ambacho macho yangu hayakuweza kuapa. Mama ntilie alinitazama nikiandika kwenye daftari, akaingia jikoni, akarudi na vipande viwili vya nyama ambavyo hatukuagiza.

"Bwana afya," alisema, "hata vyombo sisi tunavioshaga na majivu ya moto."

Nilimweleza kwamba mimi ni fundi saa. Alizidi kuogopa. Magesa alikula vipande vyote viwili.

Sasa basi lilipogoma, zilibaki njia mbili kwa miguu. Moja ni barabara. Inaizunguka milima, na ina kizuizi ambapo mtu mwenye mablanketi mawili bila risiti huitwa mlanguzi kabla hajasalimia. Nyingine ni njia ya zamani inayopanda moja kwa moja hadi kwenye pengo kati ya vilele viwili. Wenyeji wanaliita Mlango. Kutoka hapo inashuka upande wa Nyamuswa na kuendelea Butiama. Magesa alitaka barabara, akisema lori linaweza kutokea. Nilimpa sababu mbili za kupita mlimani: ni karibu zaidi, na hakuna kizuizi. Sababu ya tatu sikuitaja. Ilikuwa ndani ya mkoba wangu, imeviringishwa kwa kitambaa.

Kupanda

Tuliondoka saa kumi na mbili na dakika tano. Nilitia maharage ishirini katika mfuko wa kulia wa koti, na kila nilipotimiza hatua elfu moja nilihamishia moja kushoto.

"Fundi," Magesa alisema, "unahesabu hatua kwani utazilipia?"

Nilimjibu kwamba nataka kujua umbali. Alisema umbali anaujua: ni kutoka hapa mpaka kule.

Mvua za vuli zilikuwa zimechelewa. Mashamba ya chini yalikuwa yamelimwa na kuachwa wazi, udongo umevunjwa tayari, hakuna aliyethubutu kupanda. Majembe yalikuwa yameegemezwa kwenye kuta za nyumba. Tulipanda kati ya mawe makubwa yaliyobebana, mengine yakiwa na nyufa ambamo mtu angeweza kuficha mbuzi. Baada ya maharage manane njia iligeuka kuwa ngazi, na mimi niliyekaa kwenye kiti miaka ishirini na sita nilianza kuhesabu pumzi badala ya hatua. Magesa, mwenye blanketi moja kila bega, hakutoa hata jasho. Kuvuta nyavu kumempa kifua ambacho hata mlima haukichoshi.

Tuligeuka nyuma mara moja. Ziwa lilionekana lote upande wa ghuba, jeupe, na Magesa akaanza kunitajia visiwa kwa kidole. Alishangaa kuona jinsi vilivyo karibukaribu. Kwa mtumbwi, alisema, kutoka kile mpaka kile ni kutwa nzima ukiwa na upepo mbaya. Alisimama akitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Tulikula muhogo wa jana na kipande cha samaki, tukanywa maji, tukaendelea.

Chini kidogo ya Mlango tulimkuta mwanamume ameketi nyuma ya jiwe, amelikumbatia bati moja jipya kama mtu aliyemkamata mwizi. Jina lake Mwita. Alikuwa amelitoa Bunda kwa kichwa, na alikuwa anangoja upepo.

"Pale juu upepo unapigaga mpaka saa tano, halafu unalala," alieleza. "Juzi nilikuwa na bati lingine. Upepo ukanigeuza mara tatu. Nikajikuta natazama Bunda, nikadhani nimesahau kitu."

"Hilo la juzi liko wapi?" Magesa aliuliza.

"Lilirudi Bunda peke yake."

Magesa alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniambia kwamba mtu hawezi kumwacha mwenzake na bati katika hali ile, tusubiri naye, halafu tumshikie ncha moja tukivuka. Nilikubali haraka sana. Saa yangu ilisema saa tano kasoro dakika ishirini. Nilikuwa nimepata nafasi yangu.

Mlangoni

Pale penyewe ni uwanda mdogo wa majani makavu, upana wake hatua themanini na mbili, kilele kimoja huku na kingine huku. Ukisimama katikati unaona nchi mbili: nyuma ziwa, mbele tambarare ya Nyamuswa na, mbali sana, vilima vya Butiama. Hatua hamsini upande wa kushuka pana kisima kidogo kilichozungushiwa mawe. Maji yake ni baridi kiasi cha kuuma meno. Nilitoa mkobani sufuria yangu ndogo, nikachota maji, nikapanda nayo, nikapanga mawe matatu mahali palipojikinga na upepo, nikakusanya vijiti.

Mwita alikuja kuniangalia.

"Unapika chai?"

"Maji."

"Ya chai?"

"Maji tu. Nikishaona yamechemka namwaga."

Mwita alinitazama, akaitazama sufuria, akautazama moshi. Kisha akatia kidole mate na kukiinua hewani. "Upepo umelala," alisema. Haukuwa umelala. Alijitwika bati lake, akasema, "Mimi sijaona kitu, ndugu zangu," akashuka akiyumba kama shela la bibi harusi. Magesa alimwita asubiri msaada. Hakugeuka.

Hapo ndipo ningepaswa kujiuliza. Badala yake niliwaza kwamba watu wa milimani wana haraka.

Maji yalianza kutokota saa tano na dakika ishirini na mbili. Nilishika kipimajoto bila kugusa chini ya sufuria, kama kitabu kinavyoagiza, nikasubiri zebaki itulie. Ilisimama kwenye tisini na nne na nusu. Nilisoma mara tatu. Digrii moja na nusu chini ya Musoma: mita mia nne na hamsini juu ya ziwa, uwezekano wa kukosea mia na hamsini huku au huku. Sikujua mtu mwingine aliyewahi kulijua hilo. Nilikuwa naandika tarakimu ya mwisho niliposikia filimbi.

Aliyekuja mbio kutoka chini ni mlinzi wa kijiji, Nyamhanga, mtu wa miaka kama arobaini, filimbi shingoni na rungu mkononi.

"Zima moto! Usimwage! Usimwage hata tone!"

Magesa alidhani ni mambo ya mablanketi, akayakalia. Nyamhanga hakuyaangalia. Aliinama juu ya sufuria, akakoroga kwa kijiti, akanusa.

"Mmeweka nini humu?"

"Hakuna kitu," nilisema. "Ni maji."

"Dawa gani?"

"Ndugu, maji matupu."

"Mtu mzima na ndevu zake apande mpaka huku kupika maji matupu?" Aligeuka kwa Magesa. "Na wewe, mura, mwanamume mwenzangu, huyu ulimtoa wapi?"

"Musoma," Magesa alisema. "Anatengenezaga saa."

Nyamhanga alifunika sufuria kwa majani, akaiinua kwa vitambaa, akaanza kushuka nayo mbele yetu polepole, kama anabeba mtoto aliyelala. Sisi tulifuata. Nilijaribu kuzungumzia shinikizo la hewa. Alisema nikiongea anatikisika.

Nyumbani kwa Bi Wakuru

Tulitembea saa moja na dakika kumi na saba kushuka hadi ua wa Bi Wakuru. Alikuwa anapepeta mtama, mwanamke mkavu mwenye mikono mirefu, umri kama sitini. Nyamhanga alitueleza njiani kwamba ukoo wake ndio unaoomba mvua kwa ajili ya upande wote ule, na kisima cha Mlangoni ni chao. Nilitarajia vitisho. Alimaliza ungo wake kwanza, akaukung'uta, akatukaribisha kwenye mkeka, akatuletea uji wa ulezi usio na sukari, ndipo akauliza.

Nilimweleza ukweli wote: kitabu, digrii, mita. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Kwa hiyo pale juu maji yanachemka mapema," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na ukipanda zaidi, mapema zaidi."

"Ndiyo."

"Basi ukipanda sana yatachemka bila moto."

Sijui kama kitabu kinafika huko, lakini hesabu inaelekea huko. Katika miaka yote niliyoeleza jambo hili, hakuna mwalimu wala karani aliyewahi kuniuliza swali hilo.

"Haya," alisema. "Wewe hukuwa na nia mbaya, naona. Lakini sikia. Sisi hapa tangu mwezi uliopita tunaomba maji yashuke. Wewe umeyachukua kisimani petu, umeyapandisha juu, umeyapeleka angani kwa moto. Unaona unavutana na nani?"

Nilisema naona. Kwa kweli niliona. Hakuna kitu katika maelezo yake kilichokuwa na kasoro, ukishakubali pale alipoanzia.

Dawa yake ilikuwa hii. Maji yaliyobaki yapoe yenyewe, bila kupepewa na bila kuongezwa ya baridi. Yakishapoa kabisa, mkono uliochota uyarudishe kisimani kabla jua halijazama. Mkono huo, si mwingine.

Magesa aliruka. "Kabla jua halijazama? Mama, sisi kesho saa nne tuko ukweni Butiama! Mwanangu anaposewa!"

"Wewe ulichota?"

"Mimi sijagusa!"

"Basi nenda. Nani amekushika?"

"Na mshenga wangu?"

"Huyu anangoja maji."

Nilichukua kipimajoto, nikakitia ndani ya sufuria. Hamsini na nane. Nikaandika saa. Baada ya dakika kumi, hamsini na nne. Bi Wakuru alisogea.

"Hicho kijiti kinasema nini sasa?"

Nilimwonyesha uzi wa zebaki. Alitaka kujua kama kinapima na watu. Nilikifuta, nikakipoza, akakiweka kwapani: thelathini na saba kasoro kidogo. Nyamhanga akataka naye. Vilevile. Bi Wakuru akaamuru Magesa apimwe.

"Fundi!" Magesa alisema, na sijawahi kumwona na uso ule. "Unapima makwapa ya watu, na mwanangu anakosa mke!"

Hata hivyo alipimwa. Ilikuwa ileile.

"Huyu Mjita wa ziwani na mimi wa mlimani, joto moja," Bi Wakuru alisema. Hilo lilimfurahisha kuliko mita zangu zote.

Tulishauriana kando. Magesa angetangulia na mablanketi, alale njiani kwa ndugu yake wa kanisani, afike Butiama saa nne kamili, akae. Mimi ningefuata. Kwa kuwa amefika siku yake, labda wangemvumilia mpaka mdomo wake utokee.

"Nitakaa kama jiwe," alisema. "Wataniuliza, nitakuwa natazama tu. Fundi, kama hukutokea, nitarudi Majita nimwambie Masatu nini? Kwamba maji yalikuwa hayajapoa?"

Aliondoka saa saba na nusu, blanketi moja kila bega, bila kunipa mkono.

Kisimani

Maji yalifika digrii ishirini na saba saa kumi na dakika tano, nayo hewa ilikuwa ishirini na saba. Bi Wakuru alitia kidole, akaridhika. Nyamhanga alinisindikiza kupanda tena, na safari hii niliibeba sufuria mwenyewe. Sikuhesabu hatua. Niliyamimina kisimani saa kumi na mbili na dakika tatu, jua likiwa bado vidole viwili juu ya Mlango. Sufuria Nyamhanga aliipokea. Alisema hiyo haishuki tena mjini, Bi Wakuru ameagiza.

Mtaniuliza kama mvua ilinyesha. Musoma imenyesha siku ya kumi na moja baada ya pale. Kule sijui. Bi Wakuru mwenyewe aliniambia wakati wa kuagana: "Ikinyesha, usije ukafikiri ni wewe."

Njia ya magari

Nililala kwa Nyamhanga, nikala ugali wa mtama na mlenda, nikaondoka Jumamosi saa kumi na moja. Tambarare ile si ngumu, na kwa hesabu yangu ningefika Butiama saa tano. Ningechelewa saa moja. Niliona linavumilika.

Kosa lilikuwa viatu vyangu. Nilipofika njia panda ya kwanza, niliwauliza wanawake wawili waliokuwa wanachota maji bwawani njia ya Butiama. Walitazama viatu, mkoba na kalamu mfukoni, wakanionyesha upande wa kulia. Niliwashukuru. Kwenye njia panda iliyofuata mzee mmoja mwenye ng'ombe alifanya vilevile. Jua lilipokuwa limepanda ndipo nilipogundua kwamba vilima vya Butiama vinabaki kushoto kwangu. Nilimuuliza mwanamume aliyekuwa anafyatua matofali.

"Hii ndiyo njia ya magari," alisema. "Afisa, gari lako limeharibika wapi?"

Nilimwambia sina gari, wala si afisa.

"Basi kwa nini hukusema unatembea? Ya miguu ilikuwa kule, umeipita saa mbili nyuma."

Kila mmoja alikuwa amenionyesha njia bora aliyoijua kwa mtu wa aina yangu. Nilivua viatu, nikavifunga shingoni, na tangu hapo watu walinielekeza kwa usahihi.

Ukweni

Niliingia ua wa Mzee Muhere saa nane na dakika ishirini na mbili. Saa nne na dakika ishirini na mbili nyuma ya wakati, miguu mitupu, vumbi mpaka magotini.

Magesa alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba, mgongo wima, mablanketi miguuni, hajayafungua. Mbele yake alikaa Mzee Muhere na mdogo wake Wambura, mtu mnene mwenye sauti ya mnadani. Kulikuwa na sahani ya nyama iliyofunikwa ambayo Magesa hakuigusa, maana mgeni wa posa hali kabla maneno hayajafunguliwa. Alinitazama mara moja, kisha akatazama chini.

Nilianza kuomba radhi. Wambura alinikatiza.

"Mshenga, radhi baadaye. Huyu mtu wako ni mgumu, sijawahi kuona! Tumefika kumi. Kumi ndio mwisho. Kama hata kumi hamtaki, semeni mwende, na kesho tuna mgeni mwingine."

Sikuelewa. Kumi nini? Magesa alikuwa ameniruhusu kwenda mpaka ng'ombe kumi na wawili, na niliambiwa nitarajie kuanzia kumi na wanne. Niliomba maji ya kunywa, ili nipate muda. Aliyeniletea ni Sabina mwenyewe, binti mwenye macho ya kucheka, na alipopiga goti kunipa kikombe alininong'oneza.

"Baba mkwe hajasema neno tangu asubuhi. Wakimtajia idadi, anahema, anatazama mlangoni. Baba mdogo anadhani anataka kuondoka, anapunguza mmoja. Sisi jikoni tumekufa kwa kicheko."

"Na wewe," nilimnong'oneza, "unataka nini?"

"Mimi namtaka Masatu, shikamoo baba. Mashine ya kusaga nitalala nayo?"

Nilikunywa maji yote. Kisha nikasema maneno ambayo nilikuwa nimeyaandaa kwa wiki tatu katika kurasa mbili za daftari, ila niliyasema yote kwa sentensi moja: "Wazee wetu, tumesikia kumi, na kumi tumewapokea kwa mikono miwili."

Mzee Muhere alikuwa mtu mpole, na nadhani alikuwa amechoka kumtazama Magesa kuliko kitu kingine chochote. Alimtazama mdogo wake, akatikisa kichwa juu chini. Kutoka jikoni vigelegele vilianza kabla hajamaliza. Magesa alifunua sahani ile ya nyama.

"Sasa," Wambura alisema, akinigeukia, "faini ya mshenga aliyechelewa. Ulikuwa wapi tangu saa nne?"

Niliwaza kuwaeleza. Nilimwona Magesa akiacha kutafuna.

"Nilikuwa napoteza njia," nilisema.

Musoma

Jumapili tulipata lori lililobeba mbegu za pamba, tukakaa juu ya magunia. Magesa hakusema nami mpaka tulipoliona ziwa.

"Watu wanasema nilikuwa mgumu," alianza. "Mimi nilikuwa natazama mlangoni nikutafute wewe, nikutukane. Kila wakitaja namba nawaza, huyu fundi, huyu fundi. Ndiyo nahema."

"Nimekukosea, Magesa."

"Umenikosea. Ingekuwa siku yetu imepita bure, ningekusamehe lini?" Alifunga shati lake, upepo ulikuwa mkali. Tulipita nyumba kadhaa. Kisha akauliza, akitazama mbele: "Ule mlima, urefu wake ulikuwa ngapi?"

Nilimwambia: mita mia nne na hamsini kutoka ziwani, uwezekano wa kukosea mia na hamsini.

"Kumbe hata hujui vizuri."

"Ningechemsha mara tatu ningejua."

Alinitazama, nikaona bora niishie hapo.

Kuhusu ng'ombe, tunabishana mpaka leo. Yeye anasema ukimya wake umeokoa wanne, kutoka kumi na wanne hadi kumi. Mimi nasema wawili, kwa kuwa alikuwa tayari kutoa kumi na wawili. Vyovyote iwavyo si mali yangu, wala siwaingizi katika hesabu. Hesabu yangu haina ubishi. Faini kwa Wambura, shilingi mia mbili. Sufuria, sitini. Nimepoteza shilingi mia mbili na sitini.